Chai kwa Walioniezekea Nyumba

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Bado siku tano. Wenzangu wa chuo kikuu, tuliomaliza mwaka 1998, wanakutana Jumamosi hapa hapa Bagamoyo, hotelini ufukweni. Mtoa neno la shukrani ni mimi! Na nani mwingine? Upepo wa masika uling'oa paa langu. Wao wakachanga, watu thelathini na mmoja, wakaniezekea upya. Bati la bluu. Zuri mno.

Chini ya bati hilo nalala peke yangu. Vyumba vinne, mtu mmoja. Mwanvita, mke wangu, alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Binti yetu Adila yuko Mwanza, hupiga simu kila Ijumaa. Na katika hao thelathini na mmoja, hakuna hata mmoja aliyekuja kuliona bati lake. Isipokuwa Abdulwahab, aliyelileta kwa lori lake. Huyo simhesabu.

Mpango: niwashukuru mpaka waone haya kuondoka Bagamoyo bila kufika kwangu. Hafidha hasa. Hafidha ndiye aliyekuwa akiniazima madaftari yake. Sasa ni mjane, anaishi Dar. Sina nia yoyote. Nimeshona kanzu mpya.

Jumatano, 10 Septemba

Abdulwahab kapiga simu. Ndiye mwenyekiti wa kamati, wenzetu wamempa cheo kwa sababu ana lori. Kanipa dakika mbili! Tena baada ya chakula! Hotuba yangu ina kurasa kumi na moja. Nikamwambia shukrani si tangazo la kupotelewa na mbuzi. Akasema ratiba imejaa. Kisha akaanza kuuliza: naendeleaje, nakula nini, nani ananipikia. Umbeya mtupu! Nikamjibu nina shughuli nyingi. Ndivyo alivyokuwa bwenini pia. Kitanda cha juu, anakoroma usiku kucha, asubuhi anakuamsha kukuuliza umelalaje.

Shule zimefungwa, muda ninao. Nikamwendea mshereheshaji, Mikdad, na kashata kwenye sahani. Nikaisifu sauti yake. Kakubali kunitanguliza kabla ya chakula. Abdulwahab hajui. Raha iliyoje!

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeagiza vitumbua mia moja kwa jirani yangu, Bi Sikuzani. Na mbaazi za nazi, na samaki wa kukaanga. Chai ni Jumapili, saa tatu asubuhi. Viti nimeazima madrasa, thelathini na kimoja.

Bi Sikuzani akauliza kama wageni wamesema watakuja. Nikamwambia bado sijawaalika, nitawaalika kwenye hotuba. Akafuta mikono. Kisha akasema labda tupunguze vitumbua, mwalimu, tuanze na ishirini. Anawajulia wapi wasomi huyu?

Adila kapiga simu. Nikamwambia Jumapili nyumba itajaa watu. Akasema alhamdulillahi, baba, alhamdulillahi, na nikasikia anavuta kamasi. Kumbe mtoto ananiwazia kiasi hicho. Nikashindwa kuendelea, nikasingizia mtandao. Sasa lazima waje.

Jumamosi, 13 Septemba

Mtume! Siku gani hii!

Nilipanda jukwaani kabla ya chakula. Abdulwahab alikodoa macho. Nikaanza na historia ya paa, kisha majina, kila mchangiaji na sifa zake. Hafidha nilimpa kurasa mbili. Tatizo ni pilau. Wahudumu walilifunua mapema, harufu ikaenea ukumbi mzima. Nilipofika jina la kumi na tisa, watu walikuwa wameshapanga foleni na sahani mkononi. Mikdad akanipungia kitambaa. Nikajifanya sioni. Akafungulia muziki, msaliti!

Nikapaza sauti juu ya muziki: kesho saa tatu, chai kwangu, nyote, njooni mlione bati lenu!

Makofi! Foleni nzima ikaitikia. Inshallah, mwalimu! Tumekaribia! Nilihesabu inshallah ishirini na mbili. Hafidha akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema, "Ahsante, ndugu yangu. Tumeshakaribia. Yaani hapa ni kama tumeshakunywa."

Kama tumeshakunywa! Hamu aliyonayo huyu mama! Nikampigia simu Bi Sikuzani hapo hapo, nikamwambia vitumbua viwe mia moja na ishirini.

Jina la Abdulwahab lilikuwa ukurasa wa kumi. Sikuufikia. Imeniuma kidogo. Kidogo sana.

Jumapili, 14 Septemba

Saa tatu. Kila kitu tayari. Kanzu mpya, udi sebuleni, viti barazani kwa mstari.

Saa tatu na nusu. Watu wazima hawakimbizani.

Saa nne basi walilokodi wenzangu likatokea barabarani. Yarabi, moyo! Nikasimama na birika mkononi. Likapiga honi mara mbili. Mikono ikapunga madirishani, na nadhani ule wa ushungi wa kijani ni Hafidha. Likapita. Nikasema linakwenda kugeuza mbele, barabara yetu nyembamba. Nikalisubiri ligeuze mpaka saa tano.

Halikugeuza. Lilikuwa linakwenda Dar.

Mbaazi zikaganda. Nikakaa kiti cha mwisho, nikahamia cha katikati, hakuna kilichonipunguzia huzuni. Nilijihisi mpweke kuliko siku ya arobaini ya Mwanvita, maana siku ile angalau watu walikuja. Bi Sikuzani alipochungulia kutoka uani kwake, nikajitia napangusa viti.

Saa tano na robo lori likasimama. Abdulwahab! Toka shambani kwake Makurunge, na mananasi mawili. Hata jina lake sikulitaja jana, na bado kaja! Akanywa vikombe vitatu. Akala vitumbua tisa. Akalitazama bati kona kwa kona, akasema fundi kapigilia vizuri, mvua haitapita. Kisha akakaa kiti cha mbele kabisa. Cha Hafidha! Nikamwomba ahame, mgeni anaweza kufika wakati wowote. Akahama. Baadaye akasema, akitazama kikombe chake, "Bwanausi, mimi nami kule nakunywa chai peke yangu. Watoto wote wako Dar. Nikasema leo nije tunywe wawili."

Sikumsikiliza vizuri. Alikuwa amekaa ananizibia barabara. Nikamkumbusha asichelewe shamba. Akaaga, akaondoka polepole.

Vitumbua mia na ushee nimempa Bi Sikuzani awagawie watoto wa madrasa. Alivipokea kwa upole, na hilo ndilo lililoniudhi. Adila akapiga simu ingawa si Ijumaa. Nikamwambia walijaa mpaka wengine wakakosa viti.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeligundua kosa! Siku tatu nalitafuta. Walikuwa na nia, tatizo ni hotuba. Maelekezo ya kufika kwangu yalikuwa ukurasa wa kumi na moja! Wangefikaje? Masikini, honi zile walikuwa wanauliza njia.

Dawa ni barua ya shukrani, kwa kila mmoja, kwa mkono wangu. Maelekezo mwanzoni kabisa, na ramani. Chai mpya, Desemba. Nimeanza na ya Hafidha, niko ukurasa wa saba.

Abdulwahab kapiga simu jana, na leo tena. Anauliza Jumapili niko nyumbani, aje na samaki tukaange. Nikamwambia haiwezekani, Jumapili nawaandikia marafiki zangu. Akasema haidhuru, basi ile ya pili yake. Nikamwambia nayo nitakuwa naandika.

Sijui kwa nini ananing'ang'ania hivi. Nadhani hana rafiki, masikini.