Cheti cha Unyoofu wa Shingo

Wizara ilitangaza kwa furaha isiyo kifani kwamba hakuna mtoto mchanga atakayetoka wodini kabla ya kukaguliwa mifupa, viungo na mwelekeo. Tangazo lilibandikwa mlangoni, juu ya lile lililokataza kubandika matangazo.

Bwana Mkaguzi alifika na mihuri mitatu. Kanuni alizitunga mwenyewe, kwa miaka kumi na moja, kwenye kiti, shingo ameigeuzia mlango wa mkurugenzi wake, upande wa kulia. Kanuni ya saba ndiyo aliyojivunia zaidi: “Aliyemo wodini asiyegeuza shingo pande zote mbili hataruhusiwa kutoka.” Mwanzoni iliandikwa “mtoto”, akaona neno hilo halina hadhi ya kiserikali.

Wa kwanza alikuwa binti wa siku tatu. Mama yake alikwisha funga mizigo tangu alfajiri, maana kifungua mimba wake wa miaka minne alikuwa kwa jirani, na ameahidiwa kwamba mama anarudi leo. Mkaguzi alimwagiza mtoto ageuke kushoto. Mtoto akaendelea kutazama kulia. Akaagizwa tena, safari hii kwa maandishi.

“Mhusika hatoi ushirikiano,” Mkaguzi akaandika. “Abaki.”

Mama akaketi juu ya mizigo yake.

“Mwanangu,” alisema mkunga, mama mtu mzima aliyekuwa akipokea watoto hata kabla Mkaguzi hajazaliwa, “mama yake umemweka kulia. Huko kushoto amtafute nani, wewe?”

Akamhamisha mama kushoto, akapitisha vidole taratibu chini ya kisogo cha mtoto. Mama akaita kwa sauti ndogo. Mtoto akageuka.

“Sijaona,” alisema Mkaguzi. Ni kweli, tukio lilitokea kushoto kwake.

“Basi geuka uone.”

Vikageuka mabega, kiuno na kiti alichokalia.

“Bila kiti,” alisema mkunga, akimshika mabega.

Shingo haikutikisika. Mkunga akamsomea kanuni ya saba polepole, kama anayembembeleza mtu alale. Cheti cha mtoto Mkaguzi alikigonga muhuri akiwa tayari amelazwa kitanda namba nne, mkononi kafungwa utepe wenye jina lake na uzito wake. Mama akaondoka na mwanawe mbiombio, asije naye akakaguliwa.

Saa kumi mkurugenzi alikuja mwenyewe kumtoa mtu wake. Mkunga alimpokea kwa heshima zote, akamwomba kwanza ageuze shingo kidogo tu. Kitanda namba tano kilikwisha tandikwa.