Ukuta Unaowaza

Jumatatu, 11 Agosti
Ninayo! Riwaya ya tuzo! Ijumaa chama chetu cha wasomaji kinachagua mwenyekiti, na atakayeichambua vizuri ndiye atakayekalia kiti. Mpinzani wangu ni Fundi Saa. Atakiona cha mtema kuni! Kiwandani kwetu ndiko inakochapwa, nami niko kitengo cha kufungasha. Nimejibebea nakala kutoka meza ya pembeni, moja ya zile zenye alama nyekundu. Bila shaka ni za wageni wa heshima.

Jumanne, 12 Agosti
Jamani! Ukuta unawaza. Kurasa arobaini! Hakuna anayeoa, hakuna anayegombana, hakuna hata anayekunywa chai. Kuna mama mmoja tu: anazikwa, kisha anafua mashuka. Nimevunjika moyo kabisa. Dada yangu, mwanachama mwenzangu, kaniambia, "Kaka, kitu hujakielewa, sema hujakielewa." Niseme, kiti kiende kwa Fundi Saa? Thubutu!

Jumatano, 13 Agosti
Nimeng'amua! Kifo kinatangulia, ufuaji unafuata. Maana yake kazi za nyumbani haziishi hata kaburini! Nimeandika kurasa tisa. Nimemsomea dada, akasinzia. Mawazo mazito huchosha.

Ijumaa, 15 Agosti
Fundi Saa alianza. Kwake yeye mama anafua, halafu anakufa. Akakiri mbele za watu kwamba ukuta ulimchosha. Masikini, kasoma kwa macho tu! Nikasimama. Nikawamwagia kurasa zote tisa. Katibu aliandika mpaka kalamu ikakauka. Kiti nilikwisha kukiona!

Msimamizi wangu wa kiwandani, naye mwanachama, akaomba nakala yangu. Akaipekua taratibu.

"Hii umeitoa meza ya pembeni?"

Nikajibu ndiyo, kwa fahari.

"Hizo zimeharibika, bwana. Kurasa zimeshonwa mbele nyuma. Zinangoja kufumuliwa."

Walicheka mpaka viti vikalia. Fundi Saa kura kumi na moja. Mimi moja, na dada anaapa si yake. Aibu niliyoipata sijui niiweke wapi.

Jumamosi, 16 Agosti
Msimamizi kanipa nakala nzima. Nimeisoma yote. Ukuta bado unawaza! Mama anafua, anakufa, basi. Yangu ilikuwa tamu zaidi!

Nimechukua kisu cha jikoni, nimekata kurasa zote, nimezipanga ninavyojua mimi. Ukuta nimeutupa. Kifurushi kimeshaondoka kwa mwandishi, pamoja na barua: "Hongera. Kitabu chako sasa kimepona. Ukija kunishukuru, niulizie chamani kwa jina la Mwenyekiti."