Urefu wa Bwawa Mara Mbili

Asubuhi ile ya Mei Chuo cha Ostrander kilipofungwa, kengele ya saa mbili haikulia, na nusu ya mji wa Millers Fork ikachelewa kazini. Walikuwa wameizoea kwa miaka mia moja na thelathini. Kufikia mchana langoni palikuwa na mnyororo, kufuli, na karatasi yenye mistari minne.

Lyle Tarbox aliisoma karatasi hiyo mara mbili, kofia mkononi kama mfiwa. Wapita njia walimhurumia. Kumbe alikuwa anapiga mahesabu.

Tarbox alikuwa na suti ya kijivu, maneno laini, na miwani minene ambayo bila hiyo hakuweza kutofautisha ng'ombe na basi. Alikwisha kuuza viwanja vya makaburi kwenye kilima kisichokuwepo. Sasa aliona biashara safi zaidi. Marekani haina wizara moja ya kugawa majina ya vyuo; kila jimbo lina utaratibu wake, na vyuo hukaguana vyenyewe kwa vyenyewe, kama wapishi wanaoonjeshana mchuzi. Kuna chuo maarufu dunia nzima kinachoridhika kuitwa chuo tu, na kuna chuo kikuu kilichopanga chumba juu ya duka la matairi. Jambo moja tu wamekubaliana wote: anayetoa pesa, jina lake hupanda ukutani.

"Chuo kimekufa," alimwambia Merle Stuckey, muuza matrekta, mbele ya sahani ya mayai na viazi. "Sasa kitafufuka kikiwa chuo kikuu."

"Tofauti yake nini?"

"Vitivo, bwana Merle! Na kitivo hakisimami bila jina. Kitivo cha Kilimo cha Stuckey. Hebu litamke mwenyewe."

Merle alilitamka. Lilimkaa mdomoni vizuri kuliko mayai.

"Lakini mimi hata sekondari sikumaliza."

"Ndiyo maana utapewa udaktari wa heshima. Ule wa kusomea wanapewa watu wa kawaida."

Jioni hiyo pesa za Merle ziliingia kwenye Mfuko wa Chuo Kikuu cha Ostrander, ambao mwenye saini alikuwa mmoja tu. Mnamjua. Angeondoka usiku uleule, ila daktari wa meno na mwenye nyumba ya mazishi nao walitaka vitivo, na wao hawakuwa wepesi kama Merle. Walitaka kwanza kuona cheti chenye mhuri wa chuma wa Ostrander.

Mhuri ulikuwa kwa Bi Orpha Dunkel, msajili wa chuo kwa miaka arobaini na mmoja. Tarbox alimkuta peke yake katikati ya makabati yenye matokeo ya kila aliyewahi kusoma pale. Jimbo lilimpa mpaka tarehe thelathini Juni ayatafutie mahali na pesa za mtunzaji; la sivyo yangepelekwa ghala la serikali, ambako barua hujibiwa baada ya miaka miwili. Asubuhi hiyo muuguzi mmoja aliyehitimu Ostrander alikuwa amempigia simu akilia: hospitali yake mpya ilitaka uthibitisho wa masomo ndani ya wiki.

"Mama, nimekuja kuutafutia mhuri wako kazi," alisema Tarbox.

"Tarbox, Lyle," alisema Bi Orpha bila kuinua kichwa. "Wa mwaka sabini na tisa."

Tarbox alivua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mahakamani.

Bi Orpha akavuta droo. "Miaka minne umemaliza. Historia, vizuri. Kemia tuiache. Kilichokukwamisha ni kuogelea."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wa mwanzilishi alikufa maji, na tangu hapo hakuna aliyepewa shahada ya Ostrander bila kuogelea urefu wa bwawa mara mbili, awe bingwa wa falsafa au wa Kilatini.

"Mama yangu alikuja mahafali na kofia mpya," Tarbox alisema polepole. "Nikamwambia wamesahau kulisoma jina langu."

"Mpaka mwisho wa Juni mimi bado ni msajili. Ogelea, uchukue shahada yako. Mhuri tutauzungumzia baadaye."

Kesho yake, kwenye bwawa la mji, Tarbox alivua suti, akavua miwani, akaingia majini kama kochi lililotupwa mtoni. Alikwenda akitapatapa, akagota ukuta, akarudi. Alipotoka, midomo ya bluu, Bi Orpha alikuwa akimngoja ukingoni na fomu saba. Kila aliyesoma Marekani anajua kwamba kutoka chuoni kunataka fomu nyingi kuliko kuingia.

"Hii ya nini?"

"Usipoitia saini, huhitimu. Na usiilowanishe."

Alizitia saini zote saba. Bi Orpha akatoa shahada na mhuri kwenye kikapu cha sokoni, akaubana juu yake. Kacha! Tarbox alikimbilia miwani yake, akasoma jina lake, akalisoma tena. Ndipo akaona nakala ya fomu ya tano nyuma ya shahada: Mfuko wote wa Chuo Kikuu cha Ostrander, pamoja na mamlaka ya saini, umekabidhiwa maktaba ya mji kwa ajili ya kutunza kumbukumbu za Ostrander.

"Umenitapeli, mama!"

"Nenda polisi. Waeleze na pesa za Merle ulizipataje."

"Basi nipe mhuri!"

"Chuo kimefungwa," alisema Bi Orpha, akauachia ndani ya maji, upande wa kina kirefu. "Ufuate. Siku hizi unajua kuogelea."

Tarbox aliondoka na basi la mchana, shahada ikiwa kifuani ndani ya koti. Kwa mara ya kwanza alitoka mjini na karatasi isiyokuwa ya kughushi.

Merle alinung'unika siku mbili, mpaka alipoona bamba la shaba kwenye ukuta wa maktaba: Kumbukumbu za Stuckey. Sasa huwaleta wateja kulitazama.

Bi Orpha alifariki Februari iliyofuata. Matokeo ya wanafunzi yapo maktaba, chumba cha nyuma. Chumba hufunguliwa Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa nane. Nakala hugongwa mhuri wa maktaba na hutoka baada ya siku tatu.