Moshi wa Kumrudisha Winnie

Jumatatu, 12 Januari 1987

Theluji tangu alfajiri. Imefika kwenye kitasa cha choo cha uani. Winnie hayupo. Jana alifunga kijisanduku chake, akavaa ile kofia yake ya bluu, akatangaza kwamba anakwenda kwa dada yake Beryl, ng'ambo ya bonde. Hawezi kuishi kwenye nyumba yenye meko baridi. Nikamuuliza baridi ipi. Akaniletea glasi yenye meno yangu ya bandia. Maji yameganda. Nikamwambia yameganda juu tu, chini bado yako sawa. Hakucheka.

Kisha akatoa masharti. Dirisha la Beryl linatazama safu yetu ya nyumba moja kwa moja, na mume wa Beryl ana darubini ya kuangalizia njiwa wake wa mashindano. Kila siku Winnie atatazama dohani yetu. Akiona moshi kila siku kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, Jumamosi atarudi tunywe chai ya kutimiza miaka arobaini ya ndoa. Asipouona, atakaa huko mpaka Pasaka. "Na usinifanye mjinga, Ernest," akasema pale mlangoni. "Dohani yetu naijua. Ni ile yenye pengo."

Makaa tunayo. Stoo imejaa tangu Oktoba, na ndiyo maana lazima ilindwe! Nimelinyunyizia chokaa lundo zima kwa juu, kama alivyofanya marehemu mama, ili bonge moja likiibiwa doa jeusi limuumbue mwizi. Winnie anasema mwizi pekee wa stoo ile ni mimi. Kaniita mkono wa birika. Mbele ya muuza maziwa!

Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: nataka arudi. Nyumba imepooza. Hata chai nikijipikia ina ladha ya birika tupu. Lakini makaa ni makaa.

Jioni, ugunduzi! Meko yetu na ya Bi. Clegg, mjane wa nyumba ya pili, zimepeana mgongo kwenye ukuta mmoja, na Bi. Clegg huwasha moto kama anaendesha garimoshi. Nimeweka kiganja ukutani. Joto! Nimesogeza kiti hadi kikagusa matofali. Mgongo unaiva, kifua kinaganda. Nageuka kila robo saa. Raha tupu, na sijatumia hata bonge moja.

Jumanne, 13 Januari

Moshi bila makaa. Nimelifikiria jambo hili usiku kucha na nimelipatia jibu. Magazeti yaliyoloweshwa, kipande cha zulia la plastiki la jikoni, na kiatu changu cha zamani cha kiwandani, cha kushoto. Kibiriti kimoja tu.

Moshi ulianza kwa kuingia sebuleni. Ukazunguka, ukatazama picha za ukutani, ndipo ukakumbuka njia ya kwenda juu. Nimekohoa mpaka nikaona nyota. Uso umejaa masizi, nafanana na marehemu baba akitoka zamu ya kuchochea boila. Nikakimbia nje kutazama. Moshi! Mnene, una manjano kidogo, unatoka kwenye dohani yenye pengo. Nimepungia bonde zima kitambaa cha meza.

Saa sita Bi. Clegg akagonga. Winnie amepiga simu kwake (sisi hatuna simu, ya nini na jirani anayo?). Salamu zilisema moshi ameuona, rangi yake haielewi, ila moshi ni moshi. Anauliza nyumba ikoje. Nikamwambia Bi. Clegg amjibu kwamba mgongo unanitoka jasho. Huo si uongo. Bi. Clegg akaitazama dohani yetu kwa muda mrefu, akatabasamu, akaenda zake. Nikaona ni tabasamu la heshima.

Jumatano, 14 Januari

Msiba! Ukuta umepoa. Baridi kama jiwe la mezani kwa muuza samaki. Wazo la kwanza: maskini, Bi. Clegg amefariki. Nikachungulia dirishani. Anafagia kizingiti chake huku anapiga mluzi. Hajafariki.

Nikatega sikio ukutani. Nikasikia sindano za kufumia, tik-tik-tik, karibu kabisa, kama ziko mfukoni mwangu. Nikachukua bakuli lake nililokaa nalo tangu Krismasi, nikaenda kulirudisha. Nikatia mayai mawili ndani, maana kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Moja lilikuwa na ufa.

Alifungua mlango amevaa koti na kofia. Ndani ya nyumba yake! Akisema, mvuke unamtoka mdomoni. Meko yake imefagiwa safi, kaweka na ua la karatasi katikati. Na kiti chake? Kiti kimesogezwa hadi mgongo wake umebusu ukuta wangu.

Nikaelewa yote. Jana aliona moshi wangu, akadhani hatimaye nimewasha moto. Akazima wake, akakaa kunifyonza! Mwizi wa joto! Miaka thelathini na minane tangu aolewe nyumba ya pili namwamkia mwanamke huyu kwa kuvua kofia. Nilirudi nimekasirika kiasi kwamba nilishindwa hata kukaa vizuri pale nilipoegemea ukuta wake.

Alhamisi, 15 Januari

Nimepatikana. Nikifukiza moshi, Bi. Clegg hawashi moto. Nisipofukiza, Winnie haji. Nimejaribu kupita katikati.

Asubuhi sikuwasha kitu. Saa tano ukuta ukaanza kupata uhai. Nikashangilia. Saa sita Bi. Clegg mlangoni: Winnie kapiga simu, anauliza, "Umekufa au umezima?" Mbio mekoni, magazeti, kiatu cha kulia. Moshi ukapanda. Saa saba ukuta ukafa. Nikazima. Saa tisa ukuta ukafufuka. Saa tisa na nusu simu tena. Hivyo mpaka giza likaingia, mimi huku na Bi. Clegg kule. Hakuna aliyemtajia mwenzake chochote. Tulipokutana uani tulizungumzia theluji.

Zulia la jikoni limebaki chini ya meza peke yake. Viatu vya zamani vimekwisha. Nimeanza kuvitazama vya sasa.

Ijumaa, 16 Januari

Zulia la chini ya meza nalo limekwenda moshi, lakini leo akili imefanya kazi. Kama joto haliji kwangu, chai itaenda kwenye joto! Bi. Clegg akiitisha chai ya kesho kwake, atalazimika kuwasha sebule ya mbele, ile ya wageni, na heshima yake haitamruhusu kuwasha moto mdogo. Winnie atashukia hapo hapo. Meko yangu hataiona.

Nikaenda, kofia mkononi. Nikasifu mapazia. Nikasifu saa ya ukutani. Nikasema miaka arobaini ya ndoa si mchezo, na sebule yetu, masikini, ina masizi kidogo. Kisha, kama nilivyopanga, akasema, "Basi leteni chai yenu hapa kwangu, Ernest."

Hapo nieleze. Mama alitulea saba katika vyumba viwili, na kanuni yake ilikuwa moja: ukikaribishwa, kataa mara mbili, kubali ya tatu. Mara ya kwanza mtu anakukaribisha kwa adabu. Ya pili kwa aibu. Ya tatu ndiyo ya kweli. Wakati ule viwanda vimefungwa, jirani angeweza kukukatia mkate wa mwisho wa watoto wake kwa sababu tu umesimama mlangoni. Kukataa mara mbili kulimpa nafasi ya kuurudisha kabatini bila kuaibika. Nakumbuka nikiwa na miaka sita nikisema "asante, nimeshakula" mbele ya mkate wenye mafuta ya nyama, huku tumbo linanguruma hadi paka akageuka. Jambo hilo liko kwenye damu.

Kwa hiyo nikamwambia Bi. Clegg hapana, hatutaki kumsumbua. Akasema, "Hakuna usumbufu, njooni." Nikasema hapana, kweli kabisa, tutajibana hapo hapo kwetu. Nikavuta pumzi nikingoja ya tatu.

Akasema, "Haya, kama mmeamua." Akanifungulia mlango.

Anaijua kanuni! Amezaliwa nyumba ya sita kutoka hapa! Mama yake na mama yangu walisugua vizingiti wakiwa wamepiga magoti bega kwa bega kila Ijumaa! Alisimama kwenye mbili makusudi. Sijawahi kuona ukatili kama huu.

Jumamosi, 17 Januari

Tangu asubuhi niko vitani. Mipira mitatu ya maji ya moto chini ya mito ya makochi. Viazi vinne vya kuoka mifukoni mwangu, viwili kila upande, ili Winnie akinikumbatia aseme nyumba ina joto. Tai shingoni.

Alikuja saa tisa, kwa miguu kutoka kituoni, theluji ya magotini, amelikumbatia kopo la keki. Nikamwona kupitia dirishani. Miaka arobaini, na bado anatembea kama anakwenda kumfokea mtu. Nikamfungulia kabla hajagonga.

Alisimama kwenye kitambaa cha mlangoni, kofia kichwani. Hakunikumbatia. Akavua glavu, akaingiza mkono mekoni. Akatoa kitu, akakigeuza geuza kwenye mwanga. Akauliza ni nini. Nikasema kisigino. Wakati huo huo kiazi kimoja kikatoboa mfuko, kikadondoka, kikaviringika hadi miguuni pake.

"Mimi nimekaa dirishani siku nne," akasema polepole, "nafurahia viatu vyako."

Sauti yake ilitetemeka. Ningeweza kuvumilia matusi. Akageuka na keki yake akaenda kwa Bi. Clegg. Nikamsikia Bi. Clegg akimkaribisha. Mara moja tu! Na Winnie akasema, "Asante, naingia." Mara ya kwanza! Mama angezimia.

Kisha ukuta ukaanza kusema. Sepetu. Kicheko. Kifuniko cha kopo. Joto likaja la ajabu. Bi. Clegg alikuja mlangoni akaniita nikale keki. Nikasema asante, nimeshakula. Baada ya dakika kumi Winnie akagonga ukuta, akaita, "Ernest, njoo bwana!" Nikapaza sauti kwamba niko sawa. Nikanyoosha tai, nikangoja ya tatu.

Nilisikia kisu kikigusa sahani. Vipande viwili. Ya tatu haikuja.

Jumapili, 18 Januari

Winnie amelala huko. Kiti chake kinanitazama.

Asubuhi nimekwenda stoo, angalau nijifariji kwa makaa. Salale! Katikati ya lundo jeupe, shimo jeusi la kutosha ndoo mbili! Na nyayo kwenye theluji, ndogo, za viatu vya Winnie, kutoka stoo yangu hadi mlango wa nyuma wa Bi. Clegg. Wanachoma makaa yangu! Na mimi naokota makombo ya joto langu mwenyewe kupitia tofali!

Nilikuwa bado nimesimama hapo nimeshika sepetu Winnie alipotokea uani. Bila kofia. Akasema, "Ernest, mama yako alikufa mwaka hamsini na tisa. Njoo ule keki."

Ya tatu.

Nimekwenda. Mekoni kwa Bi. Clegg mabonge yanawaka, meupe upande mmoja kwa chokaa yangu. Mgeni hasemi lolote juu ya makaa ya mwenyeji. Bi. Clegg akaniambia nisogee motoni. Nikasema asante, hapa mlangoni panatosha. Winnie akanisukuma kitini kama mzigo. Keki ya matunda, na jibini juu yake, kama desturi yetu. Kifua changu kimepata joto kwa mara ya kwanza wiki hii. Niliona aibu, na nilifurahi, vyote kwa pamoja, nikajitia keki imenipalia.

Winnie amesema atarudi nyumbani nikiwasha moto kwa mkono wangu, kwa makaa ya kweli, kila siku hadi majira ya kuchipua. Nimeapa. Mkono juu ya kopo la keki, Bi. Clegg shahidi.

Jumatatu, 19 Januari

Moto unawaka! Mabonge makubwa. Winnie amekaa upande wake, anafuma. Kofia ya bluu iko kwenye msumari wake nyuma ya mlango, mahali inapostahili. Meno yangu yanaelea. Mimi ni mtu mpya. Nimemwambia Winnie hivyo, naye akanipigapiga mkono.

Saa kumi jioni. Nimesikia kitu. Kule upande wa pili, kiti kinaburutwa. Polepole. Kikagonga ukuta. Kisha tik-tik-tik.

Nimetoka nje kutazama. Dohani ya Bi. Clegg haitoi hata uzi wa moshi. Joto langu linapita kwenye matofali linakwenda kumpasha yule mwanamke mgongo!

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, kama mtu mpya. Jibu ni kabati la nguo. Tunalishusha kutoka juu, tunaliegemeza kwenye ukuta ule, nyuma yake godoro la wageni. Joto lote linabaki kwetu. Na likibaki lote, nusu ya moto itatosha. Ukipiga hesabu vizuri, nyumba ikishapata joto la leo, hatuna haja ya kuwasha tena kabla ya Alhamisi.

Nimemweleza Winnie mpango mzima, pamoja na vipimo. Ameweka sindano chini. Ameinuka, nikadhani anakwenda kupima kabati.

Amechukua kofia ya bluu.