Nyuma ya Gari la Wajerumani

Jumatatu, tarehe 9 Februari

Baridi imefika thelathini na mbili chini ya sifuri. Safi kabisa! Nashukuru. Wajerumani wanaleta magari yao huku kwetu, juu ya barafu ya ziwa, kuyatesa kwa baridi. Baridi ikikosekana wanarudi kwao, na mimi narudi jikoni kumenya viazi vya mke wangu Gunvor.

Leo nimepewa gari jipya la umeme. Limevishwa madoa meusi na meupe mwili mzima, wapelelezi wasiijue sura yake. Funguo nimekabidhiwa mwenyewe, Hilding Stenvall, miaka sabini na minne, dereva bora wa barafu kuanzia hapa hadi mpaka wa Norwe. Hakuna anayebisha. Isipokuwa Göte, kaka yake mke wangu, anayeendesha mtambo wa kufagia theluji. Huyo anabishia hata kalenda.

Bibi Köhnke, mkuu wa mafundi, alinieleza kwamba skrini ya gari inagoma kwenye baridi na hawajui kwa nini. Kwa hiyo chini ya kiti wameweka kisanduku. Chochote skrini inachoonyesha, kisanduku kinakichukua na kukirusha kwa mtandao mpaka ofisini kwao ufukweni, kinahifadhiwa. Akanipa na karatasi za maelezo. Mimi na shule tuliachana mapema, bila ugomvi. Karatasi nimeziweka chini ya chupa ya kahawa, kiti kisichafuke. Zimefaa sana.

Kisha akashusha sauti. Akasema wakubwa wamechoka na mimi kutoka nje ya njia ya majaribio. Nikitoka tena bila ruhusa, funguo zinakwenda kwa Göte. Göte alikuwa nyuma yangu anatafuna andazi la mdalasini. Akasema, "Taratibu tu, shemeji, mimi sina haraka."

Mshenzi! Bila gari hili mimi ni nani? Mzee wa viazi.

Jumanne, tarehe 10 Februari

Nimepata mpango. Nashukuru kichwa changu, kinafanya kazi kuliko magoti.

Jumamosi Gunvor anatimiza miaka sabini. Nilimwahidi samaki, yule wa tumbo jekundu anayekaa chini kabisa kwenye maji baridi. Göte akasema mbele ya watu kwamba samaki wa mwisho niliyemleta nyumbani alikuwa na bei ya duka mgongoni. Uongo! Niliibandua.

Samaki wako nyuma ya kisiwa, nje ya njia. Ramani iko kwenye skrini, na kisanduku kinaiba kila kitu cha skrini. Nikawaza. Nikaondoa ramani, nikaweka ukurasa wa redio. Sasa waangalie redio mpaka wachoke! Skrini ni kitu cha kutazamwa, chenyewe kinaona nini?

Nikafika nyuma ya kisiwa, nikatoboa shimo kwenye barafu, nikalirudisha gari kinyumenyume mpaka karibu nalo, linikinge upepo. Nilirudi kwa kugeuza shingo, kama mwanamume. Watu wa siku hizi wanarudi nyuma wakikodolea skrini. Mimi sikuitupia hata jicho. Breki ya mkono sikuvuta. Nani anavuta breki ya mkono baridi kama hii? Inaganda, gari linabaki hapo mpaka Pasaka. Unaliacha kwenye gia ya kurudi nyuma, unashuka zako. Baba alifanya hivyo. Babu naye angefanya hivyo kama farasi wake angekuwa na gia.

Nilipokaa kwenye ngozi yangu ya paa wa theluji, gari likaanza kulia. Pii, pii, pii! Nikisogea karibu linalia zaidi. Gari la kijinga, linanizoea kama mbwa. Samaki hakuna, nadhani kwa sababu ya kelele. Lakini hewa nzuri. Nimeshukuru.

Jumatano, tarehe 11 Februari

Nimesifiwa! Tena kwa Kijerumani!

Nilikwenda tena kwenye shimo langu. Samaki hakuna. Kahawa ilinibana, nikasimama pale pale nyuma ya gari nikajisaidia, nikarudi ofisini kupasha vidole moto.

Nilipoingia wote wakageuka kunitazama. Bibi Köhnke alikuwa mbele ya kompyuta yake, uso mwekundu. Akaniuliza kwa upole kama nina afya njema. Kama naweza kusimama muda mrefu bila maumivu, na kama nimeshamwona daktari. Nikaona anapima nguvu zangu za kazi. Nikamjibu kwamba nikitaka nasimama nusu saa nzima, na vijana nawaacha mbali. Mafundi wakainamia vikombe vyao.

Halafu akauliza gari liko wapi. Nikamwambia liko mlangoni, ndiyo kwanza nimeshuka. Akatazama kompyuta. Akanitazama mimi. Akatazama kompyuta tena. Akapiga ukelele kwa Kijerumani, akarukaruka, akanikumbatia! Akasema kesho niendeshe hivyo hivyo, nisibadilishe hata kitu kimoja.

Göte akanipita mlangoni, akasema, "Funga zipu, shemeji, utapata mafua." Wivu tu. Ila zipu kweli ilikuwa wazi. Nimshukuru kwa hilo, basi.

Alhamisi, tarehe 12 Februari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko ndani ya blanketi.

Nimempata! Samaki mkubwa kuliko wote ziwa hili limewahi kuzaa. Akavuta, nikavuta. Kichwa kikakwama kwenye mdomo wa shimo. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono mpaka begani nimshike matamvua. Nikamshika. Lakini mkono wa koti ukaloa, ukagandana na barafu, na mimi nikabaki pale kama msumari uliopigwa sakafuni. Gari linalia pii pii pii juu ya kichwa changu. Shavu kwenye theluji. Samaki sikumwachia.

Nikaita. Nikafikiria viazi. Nikaahidi kuvimenya vyote, maisha yangu yote, bila kunung'unika.

Sikuwa nimeita mara ya tatu nikasikia skuta ya theluji. Göte! Nikamuuliza nani amemwita.

"Umejiita mwenyewe," akasema. "Uko kwenye televisheni, shemeji. Ofisi nzima inakutazama tangu juzi."

Nikamwambia aache upuuzi, anivute. Akamimina kahawa yangu ya moto kwenye mkono wa koti mpaka ukaachia, nikatoka na samaki wangu. Kahawa yote! Kisha akavua koti lake mwenyewe akanifunika, na njia nzima alinishika mgongoni nisianguke. Hakunitania tena. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Ofisini Bibi Köhnke alinionyesha. Ukiweka gia ya kurudi nyuma, skrini inaacha redio na kuonyesha yaliyo nyuma ya gari. Kuna jicho dogo la kamera juu ya kibao cha namba. Kisanduku kikachukua kila kitu, mtandao ukabeba. Jumanne, mimi. Jumatano, mimi, nimesimama. Leo, mimi na mkono shimoni, katikati ya mistari ya njano na myekundu, kama mtakatifu kwenye dirisha la kanisa.

Akaniomba funguo, amri ya wakubwa. Nikaziweka mezani. Göte aliangalia dirishani. Kulikuwa na supu ya dengu na chapati za maziwa, kama kila Alhamisi. Sikuongeza sahani.

Ijumaa, tarehe 13 Februari

Nilikwenda kuchukua chupa yangu ya kahawa na kuaga. Wakubwa wa Ujerumani walikuwa kwenye simu, wakali. Bibi Köhnke akawajibu, mkali zaidi. Göte akanitafsiria kwa kunong'ona, maana alifanya kazi Hamburg ujanani.

Kumbe Jumanne jioni walishaniona na funguo zilikuwa zinyang'anywe Jumatano. Lakini Jumatano picha ilikwama. Iliganda mimi nikiwa najisaidia, ikabaki hivyo hivyo, gari likaenda, nikaingia ofisini, na kwenye kompyuta bado nimesimama pale. Ndiyo maana mama wa watu aliuliza habari za daktari! Na ule ndio ugonjwa wa skrini walioutafuta majira yote ya baridi. Akawaambia wakubwa kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeliacha gari kwenye gia ya kurudi nyuma saa nzima kwenye barafu, ndiyo maana hawakuugundua. "Mzee huyu," akasema, "anafanya hivyo kila siku."

Sifa kubwa hiyo.

Funguo amenirudishia! Sharti ni moja: kila siku niegeshe pale pale, gia ile ile, nikae nivue kwa ruhusa, na Göte asimame karibu na kamba. Nikamshika mkono yule mama. Göte naye nikamshika mkono. Akasema, "Basi, basi, shemeji, mkono wenyewe unanuka samaki."

Jumamosi, tarehe 14 Februari

Sherehe imefana. Gunvor alimpika samaki kwa majani ya bizari na siagi. Alinibusu mbele ya watu wote. Göte alisimulia habari yangu kwa kila mgeni aliyeingia, na kila mara nilisimama muda mrefu zaidi. Nilicheka nikatokwa na machozi. Nina mke, nina shemeji, nina mikono yote miwili, nina funguo mfukoni. Nashukuru kwa kila kimoja.

Ila jambo moja. Samaki wa ruhusa si samaki. Unakaaje hapo na Göte amekusimamia na kamba kama mbuzi wa sherehe? Nyuma ya kisiwa cha pili kuna wakubwa zaidi, nimesikia.

Nimeshawaza. Jicho liko nyuma ya gari. Kwa hiyo Jumatatu nitaegesha kwa mbele, pua ya gari ikitazama shimo, nikae mbele yake kwa raha zangu. Yule mama jana alianza kunieleza jambo kuhusu mbele ya gari, tena akaninyooshea kidole kwenye zile karatasi, lakini nikamwambia asijisumbue, najua.

Nashukuru sana kwamba hawakufikiria mbele.