Kimo cha Bibi Mlangoni

Jumanne, 3 Juni 1997. Murungu

Bibi amefunguliwa plasta ngumu ya mkono. Alivunjika kwa kuteleza kidogo tu, tena akiwa na kikapu kitupu. Nesi Asia wa zahanati alieleza kwamba mifupa yake imepungua uzito, na mzee wa namna hiyo hata kimo hupungua. Ameagiza dagaa waliwe na mifupa yao, maziwa, jua, na mahali pasipo na utelezi wala mashimo. Baba amesema Bibi hatapanda kilimani kuvuna maharage yake mpaka nesi aje Jumanne aridhike. Bibi hakula jioni.

Nitamponya kwa siku saba. Nimempima kwenye mwimo wa mlango, nikachora mstari wa mkaa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimetwanga dagaa, nikawachanganya kwenye unga wa ugali bila kusema. Bibi alionja, akauliza nani amepika ziwa. Akawapa kuku. Divine, binti wa shangazi, akasema sasa mayai yatakuwa na mifupa. Sikucheka. Nililifikiria sana.

Jumamosi, 7 Juni

Zamu yangu kusiriba sakafu. Udongo na kinyesi cha ng'ombe. Mlangoni nimeweka tabaka nene, Bibi apite pazuri. Divine aliteleza, akadai nimekusudia.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nimempima Bibi. Amerefuka kidole kizima! Na dagaa waliliwa na kuku. Sielewi. Labda ni maziwa. Baba amesema tumsubiri nesi.

Jumanne, 10 Juni

Nesi Asia aliutazama mstari, akaitazama sakafu, akacheka mpaka akakaa chini. Kasema iliyokua ni sakafu. Kisha akamgeukia Baba: kumkalisha mama yake ndani ndiko kunakozidi kumdhoofisha mifupa. Apande kilimani polepole, na fimbo, asibebe mzigo. Bibi alikuwa ameshavaa kanga ya shamba.

Nimeahidi kupima kwa usahihi.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwangua udongo wote mlangoni kwa jembe, nisibakize hata chembe. Bibi aliporudi kutoka kwenye maharage yake, akiwa na furaha, aliuliza kama hapo mlangoni tunapanda mgomba. Nikamshika mkono, nikamwomba ashuke asimame humo nimpime.

Amepungua vidole viwili. Kwa siku moja tu ya kilimani.

Sijamwambia mtu. Kesho natwanga dagaa mara mbili.