Mchuuzi wa Soksi Dhidi ya Kijana wa Kaimati

Jumatatu, 9 Juni
Athman ameniita mzee mbele ya ukumbi mzima wa gemu! Nimewahi kuwararua maprofesa kwa uhakiki wangu magazetini. Sitashindwa na mchuuzi wa kava za simu! Mashine ya mlangoni, hapa River Road, imebeba gemu yake mwaka mzima. Alichukua gemu ya kale ya kurukaruka, akamgeuza shujaa kuwa kijana wa Mombasa anayeruka mapaa akila kaimati. Sanaa hiyo? Jumamosi Peres, bingwa wetu wa kucheza, ataamua upya gemu ya kukaa mlangoni. Nitampindua Athman.

Jumanne, 10 Juni
Nimeifumua gemu ileile ya kale, nikaiunda upya. Shujaa wangu ni mama mchuuzi wa soksi anayeruka mashimo, gunia mgongoni. Peres huuza soksi chini ya dirisha la ukumbi. Kujipendekeza? La! Uhalisia.

Jumatano, 11 Juni
Peres ameijaribu. Akacheka. "Huyu anakaa mimi kabisa, mzee Zedekiah. Lakini mbona hakimbii? Kwani kanjo wako likizo?"
Kweli! Mchuuzi gani wa jiji hili hakimbizwi na askari wa kaunti?

Alhamisi, 12 Juni
Kibe, muuza karanga mwenye sauti ya kufika Ngara, amekuja kwangu Kawangware. Nimemrekodi akipiga ukelele: "Kanjo!" Jirani yangu Lornah, anayechoma mahindi nje, ametoroka na jiko likiwaka. Uhalisia umekamilika!

Jumamosi, 14 Juni
Ukumbi umejaa wachuuzi. Spika nikaielekeza dirishani, barabara nzima inisikie. Peres akaruka shimo la kwanza, la pili, kisha: "KANJO!"
Akatupa kidhibiti. Ukumbi wote mbio! Huko chini soksi, mitumba na karanga vikafungwa kufumba na kufumbua. Kibe aliikimbia sauti yake mwenyewe! Athman nilimkuta chini ya meza, amekumbatia kava zake.
Waliporudi walinitafuta kwa hasira. Kisha mtu akamwiga Kibe akiteremka ngazi, wakacheka hadi kukaa sakafuni. Hata mimi. Uamuzi wa Peres: kijana wa kaimati abaki mlangoni. Athman akaniletea chai, akaniuliza kama mzee amechoka. Mzee!

Jumapili, 15 Juni
Nimetafakari kanisani, mahubiri yote. Kosa nimeliona: walirudi mapema mno! Wangechelewa, ningeamua peke yangu. Sasa naongeza mlio wa lori la kanjo, na spika ya pili. Kibe anafanya mazoezi ya kunguruma.
Lornah amehamishia jiko mtaa wa pili. Dalili njema!